Mahali Pamoja, Jina Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua kadi mia mbili, kalamu mbili nyeusi na moja nyekundu, na nimevitoa viatu vyangu vya kuendea arusi za watu kwenye boksi lao ili boksi lipate kazi ya maana. Kuanzia leo mimi ndiye mwandishi wa historia ya ukoo wetu.

Sikuomba. Mdogo wangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Meya kwa kuwa hajawahi kukubali kiti cha pembeni, ametangaza kwamba masika yakiisha ukoo mzima utakutana nyumbani kwake Mandhari, na ukutani itatundikwa orodha ya wote waliotutangulia: nani, alizaliwa lini na wapi, alikufa lini na wapi. "Dada, umekaa masijala ya ardhi miaka thelathini na moja," aliniambia. "Nani mwingine ataiweza kazi hii?" Huko ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami najua. Nilikubali hata hivyo. Tangu nistaafu vidole vyangu vinapiga chapa juu ya meza tupu, na majirani wameanza kuniangalia.

Jumatano, 5 Machi

Kadi moja, mtu mmoja. Mahali nitapaandika kama palivyo kwenye karatasi niliyoipata, siongezi wala sipunguzi. Hiyo ndiyo kanuni.

Mvua ya kwanza saa tisa alasiri. Fupi.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi. Ni dada yake baba, na ndiye pekee aliyebaki katika kizazi chao. Anakaa mwendo wa saa tatu kwa basi na hajawahi kurudi huku tangu alipoolewa. Macho yamekwisha, lakini ulimi bado unaweza kupasua kuni.

Amenipa daftari la jalada la kijani lenye majina ya marehemu wetu wote. Lilianzwa na babu yake, akaliendeleza yeye mpaka macho yalipomkatalia. Jina, tarehe, mahali. Hakuna kingine.

"Walikufa kwa nini?" nilimuuliza.

"Kwa sababu walizaliwa," alisema. "Kunywa chai yako, na daftari langu lisirudi na doa."

Jumanne, 11 Machi

Kadi thelathini na mbili. Watu hawa hawakutulia. Mmoja kafia Machimboni, wa pili Kambi ya Pili, wa tatu Mahameni, wa nne njiani. Nimezipanga kadi kwa mahali, na boksi limejaa vigawanyo vingi vyenye kadi chache chache, na ukizitazama hazikuambii lolote.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua siku nzima. Kitinda hajajibu ujumbe wangu.

Kitinda ni binti yangu wa mwisho. Ana mimba ya miezi saba, mumewe yuko kazini mbali, na badala ya kurudi kwangu amekwenda kukaa kwa mjomba wake Meya, katika chumba cha nyuma. Tuligombana. Nilisema jambo moja kuhusu mumewe, na kwa kuwa lilikuwa kweli halikusameheka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda Mandhari kwa kisingizio cha kumwonyesha Meya kadi zangu. Jina la mtaa halidanganyi: unapanda barabara yenye kona tatu, unafika kwake, unageuka, na mji wote uko chini yako mpaka kwenye mabati ya soko. Nyuma ya nyumba ni habari nyingine. Kilima kimekatwa wima ili nyumba ipate pa kukaa, na kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa udongo panabaki nafasi ya mtu mmoja kupita na ndoo. Chumba cha Kitinda kinatazama huko. Kinachofuata ni cha mpangaji, Fundi Saa.

Kitinda amenipokea kwa adabu tupu. "Shikamoo, Mama. Karibu. Nikuletee chai?" Tumezungumza dakika kumi kuhusu mvua, mimi na mtoto niliyemnyonyesha miaka miwili.

Nilipotoka Fundi Saa aliniita. Ni mzee mpole, mjane kama mimi, na kile kioo chake cha kazi anakibana jichoni hata anapokusalimu. Ana saa moja ambayo haiuzwi wala haitengenezwi, aliyorithi kwa baba yake, ile ya kirungu kinachobembea. Inakaa juu ya rafu iliyopigiliwa ukutani.

"Sikiliza," akaniambia. "Inachechemea."

Mimi nilisikia saa kama saa nyingine. Yeye anasikia kwamba mdundo mmoja umekuwa mrefu kuliko wa pili. Saa ya namna hiyo, anasema, inataka kusimama sawasawa. Ikiinama kidogo tu inachechemea, ikiinama zaidi inasimama. Akaniomba kadi moja iliyoharibika, akaisukuma chini ya mguu wa kushoto wa saa, akatega sikio, akatabasamu. "Ahsante, Karani Asiyekosea."

Jina hilo amelipata kwa Meya. Sikulikataa.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Kitinda amejibu: "Mzima." Neno moja. Nimelisoma mara nne.

Jumatano, 26 Machi

Meya amekuja, amemwaga kadi zangu zote mezani kama anayecheza karata, na amekunja uso.

"Dada, nani anajua Machimboni ni wapi? Nani anajua Kambi ya Pili? Vijana watasimama mbele ya ukuta wangu watoe macho tu. Andika majina ya leo."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, kisha nikatambua kwamba ana haki, jambo linalomtokea mara moja kwa mwaka. Mkuu wa masijala, Mungu amrehemu, alikuwa na msemo wake: mahali pamoja, jina moja. Mtu akiandikwa kwa majina manne hesabu inasema watu wanne; na mahali ni vivyo hivyo. Basi nabadili kanuni. Jina la leo litatangulia, na majina ya zamani yatafuata nyuma yake kwa mpangilio. Kadi zote zitaandikwa upya.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepata dawa ya kazi yangu chini ya sanduku la nguo, mahali nilipoiweka mwenyewe nikiwa msichana: nakala ya kaboni ya Orodha ya Majina Mapya ya Mitaa. Kurasa sita, majina mia moja na arobaini, yote nimeyapiga chapa mimi katika mwaka wangu wa pili kazini. Niliiba nakala moja ya kumwonyesha mama. Chini ya kila ukurasa kuna herufi za kwanza za jina langu, ndogo, jinsi tulivyofundishwa. Karatasi haina hata kosa moja. Nimelitafuta kwa miwani.

Na ukurasa wa nne nimekuta hili: Mahameni, baadaye Machimboni, baadaye Kambi ya Pili, sasa Mandhari.

Nimecheka peke yangu. Watu wetu wamezaliwa na kufa palepale Meya alipojenga, naye alinunua kile kiwanja akidhani amekwenda ugenini. Nimempigia simu. Akasema, "Kumbe nimerudi kwetu, Dada." Sauti ilikuwa imembadilika. Nilimpenda mdogo wangu wakati ule.

Mvua inagonga bati hata sisikii redio.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeandika upya kadi ishirini na tisa. Zile za zamani, zenye Machimboni na Kambi ya Pili, nimempelekea Fundi Saa bahasha nzima, maana saa inaendelea kuomba. Kadi saba zimekwisha kuingia chini ya mguu wa kushoto. Analaumu springi ya ndani. Mlango wake nao umeanza kugoma. Anaufunga kwa bega.

"Nyumba imenywa maji," Meya alisema. "Ikikauka itakaa sawa."

Jumatatu, 31 Machi

Nyuma ya kigawanyo cha Mandhari sasa zimekaa kadi kumi na sita. Nilizipanga kwa tarehe ya kufa, kwa kuwa ndivyo inavyopangwa, huku nikisikiliza taarifa ya hali ya hewa.

Watu sita wamekufa siku moja. Tarehe kumi na nne, mwezi wa nne. Wakubwa wawili, watoto wanne. Daftari linasema Machimboni.

Miaka mingi baadaye, tarehe kumi na mbili, mwezi wa nne, watu watano siku moja. Daftari linasema Kambi ya Pili. Wa kwanza ni babu mzaa baba. Wa pili ni bibi.

Kuhusu babu na bibi tuliambiwa "ajali" na tukakua na neno hilo. Baba hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Walipokuwa kwenye vigawanyo mbalimbali hawakunisumbua, wote walikuwa majina tu. Sasa wamekaa pamoja, mwezi uleule, juma lilelile la masika.

Kesho naenda kwa Shangazi.

Jumanne, 1 Aprili

Basi lilichelewa, barabara imekatwa na maji sehemu mbili.

Nilimsomea Shangazi majina matano. Hakuniacha nimalize.

"Mlima ulishuka," alisema. "Mvua ilinyesha juma la tano, juma la sita, kisha likatoka jua zuri. Mama akatutuma dukani, mimi na baba yako, tulete chumvi. Tuliporudi hapakuwa na nyumba. Palikuwa na udongo, mwekundu, umelala pale kama uliokuwa pale siku zote, na kuku wetu mmoja anatembea juu yake. Baba yako alikuwa ameshika chumvi. Aliishika mpaka jioni."

Nikamuuliza na wale sita wa kwanza.

"Hao alitusimulia babu yetu, aliyelianza daftari. Vivyo hivyo. Na kabla ya hao palikuwa tayari pameitwa Mahameni. Watu hawapaiti mahali mahame bure, mwanangu. Kuna waliokuwa wamehama."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Baba yako alisema lisitajwe, kwamba likitajwa litawafuata. Na ningewaambia nini? Msiende Kambi ya Pili? Nani kati yenu alikuwa anakwenda Kambi ya Pili? Mlihama, mkasoma, mnakaa mjini. Kila siku nasikia Meya kajenga Mandhari, Mandhari inapendeza. Mimi Mandhari siijui, nitaijulia wapi?"

Akageuza uso wake kwangu, na macho yake yasiyoona yakanikalia. "Kwani ni wapi huko Mandhari?"

Nikamwambia ni mtaa mpya tu. Niliaga kabla chai haijapoa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekumbuka wino mwekundu.

Kadi za zamani za masijala zilikuwa na safu ya mwisho upande wa kulia, Maelezo. Nyingi zilikuwa tupu. Ile ya Kambi ya Pili haikuwa tupu. Iliandikwa kwa mkono, kwa wino mwekundu: Pasijengwe. Ardhi hushuka masika. Naiona mpaka herufi zake.

Kadi mpya zilizotoka kwa mpiga chapa hazikuwa na safu hiyo. Nilihamisha jina, ukubwa, mipaka. Maelezo sikuyahamisha. Mkuu wa masijala alisema maelezo ni ya jina la zamani, jina jipya lianze safi. Kadi za zamani zikachomwa nyuma ya ofisi. Miaka ikapita, Meya akaja dirishani kutafuta kiwanja, akakuta kadi safi, iliyopigwa chapa vizuri, na herufi za dada yake chini.

Mvua haijaacha tangu Jumapili.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimempigia Kitinda. Nimemwambia aje kukaa kwangu mpaka ajifungue, kwamba hospitali iko karibu, kwamba nimepaka chumba rangi. Sijapaka chumba rangi.

"Mama," alisema, "kama unataka kuniomba radhi, niombe tu."

Nilisema sio hilo. Akasema, basi hakuna haraka.

Ningeweza kumwambia palepale. Nilikuwa nimeshika karatasi mkononi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeweka rangi ukutani. Nyeupe.

Jumapili, 6 Aprili

Mandhari tena. Maji yanatiririka katikati ya barabara, yamebeba udongo mwekundu. Nyuma ya nyumba ile nafasi ya kupita na ndoo sasa inapita ndoo bila mtu. Katika chumba cha Kitinda kuna ufa kutoka pembe ya dirisha mpaka sakafuni, ameuficha kwa kanga. Aliponiona nautazama alisema, "Mjomba anasema ni lipu tu."

Fundi Saa ameweka kadi kumi na nne. Saa imekaa juu ya majina ya bibi na babu yangu kama juu ya kiti. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alinitania, akionyesha ufa wake mwenyewe, mpana wa kidole. "Lakini mimi ni fundi saa, kuta siziwezi." Nikacheka naye. Nilikaa mlangoni kwake dakika tano nikicheka.

Sikusema. Mficha maradhi kilio humfichua, nimeisikia methali hiyo tangu sijajua kusoma, na nimerudi nyumbani na maradhi yangu kwenye mkoba.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilichoandika Jumatano iliyopita si kweli.

Mkuu wa masijala hakusema kitu. Alikuwa likizo majuma matatu. Niliachiwa kazi peke yangu, nikafika kwenye kadi ile, nikasoma wino mwekundu, nikaona kadi mpya haina pa kuuandika. Ningeweza kuandika nyuma yake. Ningeweza kungoja. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nilitaka mkuu akirudi akute majina mia moja na arobaini yamekamilika, safi, bila maandishi ya mkono pembeni. Nikaenda kwenye jina lililofuata. Haikuchukua hata dakika moja. Nimemsingizia marehemu katika daftari ambalo hakuna anayelisoma ila mimi.

Na siku zote hizi tano tangu nikumbuke sikumwogopa Meya. Niliogopa kuacha kuitwa Karani Asiyekosea. Nimeandika. Kesho naenda, hata ikinyesha mawe.

Jumanne, 8 Aprili

Nimewaketisha sebuleni, Meya na Kitinda. Nimeweka mezani daftari la Shangazi, kadi kumi na moja za waliokufa siku zile mbili, na ukurasa wa nne wenye herufi zangu. Nimesema yote, pamoja na dakika ile moja.

Meya alisoma ukurasa, akaurudisha, akausoma tena.

"Mimi nilinunua kwa sababu ya kadi yako," alisema polepole. "Nilikuja dirishani kwako, Dada. Nilikuuliza, pana shida yoyote? Ukatazama kadi ukasema pako safi."

"Nilisema hivyo."

"Sasa unaniambia nibomoe?"

"Nakuambia utoke. Leo."

Akainuka, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo. Alisema ametia nondo nene kuliko za jirani yeyote, amechimba msingi kwenye jiwe. Alisema watu wa zamani walijenga kwa udongo. Kisha akasema, bila kugeuka, "Kitinda, nenda na mama yako." Hapo nilijua ameniamini, na kwamba kiburi chake kitachukua siku mbili tatu kufuata imani yake. Kiburi cha kwetu ni kimoja, tumegawana tu.

Kitinda alikuwa ameshaanza kukunja nguo. Alikuja kunishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto. Nikamwomba radhi kwa lile la mumewe, na hakusema ni kweli au si kweli, alisema, "Nibebee mto."

"Na Fundi lazima ajue," nilimwambia Meya mlangoni.

"Ni mpangaji wangu, nitamwambia mwenyewe. Usinitangazie nyumba mtaani kwa karatasi ya miaka thelathini."

Tukapita mbele ya chumba cha Fundi. Mlango ulikuwa wazi, haufungiki tena. Alikuwa ameinama mezani, kioo jichoni, akainua mkono. "Karani! Unatuibia jirani?"

"Anaenda kujifungulia kwangu," nilisema.

"Heri. Na mwambie mjukuu mimi nitamtengenezea saa yake ya kwanza."

Nilisimama. Yalikuwa maneno matatu tu: toka humu leo. Lakini yangefuatwa na kwa nini, na kwa nini ingefuatwa na mimi, naye angenitazama kwa lile jicho lenye kioo linaloona meno ya gurudumu dogo kuliko punje. Nikajiambia Meya atamwambia jioni. Nikasema, "Kazi njema, Fundi."

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imekatika alfajiri. Hakuna hata tone. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Meya amepiga simu: "Umeliona jua, Dada?" Nikamuuliza kama amemwambia Fundi. "Ijumaa. Ana kazi ya watu mezani, nisimvuruge."

Nikasema sawa.

Alhamisi, 10 Aprili

Saa nne asubuhi, jua kali. Kitinda alikuwa anaanika nguo za mtoto. Nilisikia kama lori linalomwaga kokoto, ila halikumaliza kumwaga.

Sikumbuki nilivyofika. Kona mbili za barabara zilikuwepo, ya tatu haikuwepo. Udongo mwekundu, umelala kama uliokuwa pale siku zote. Nyumba saba. Wengi walikuwa kazini na sokoni, na hilo ndilo Mungu alilotuachia. Meya nilimkuta amekaa barabarani na povu la kunyolea ndevu kwenye shavu moja. Alikuwa ametoka mbele na kioo chake kutafuta mwanga mzuri. Wembe ulikuwa bado mkononi, nikautoa kidole kimoja kimoja.

"Nilisema Ijumaa," aliniambia. "Dada, nilisema Ijumaa."

Ijumaa, 11 Aprili

Wanachimba.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamempata Fundi Saa. Alikuwa mezani kwake.

Jumapili, 13 Aprili

Tumemzika. Hakuwa na ndugu, tumesimama sisi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mmoja wa waliochimba amebisha mlangoni. Alikuwa ameshika kadi iliyokaukiwa na udongo. "Mama, wanasema huu ni mwandiko wako." Ni kadi ya bibi. Mahali: Kambi ya Pili. Nilimpa Fundi kadi za zamani za wale wote kumi na moja kwa mkono wangu, azisogeze chini ya saa, na kama mmoja wetu angeinama kuzisoma, tarehe zilikuwa pale.

Nimemshukuru yule kijana. Meya, ambaye sasa analala sebuleni kwangu, aliitazama kadi kisha akaenda kuosha vyombo. Hajawahi kuosha vyombo maishani. Anaosha kila siku, hata visafi.

Jumatatu, 21 Aprili

Shangazi amepiga simu, jirani alimsomea gazeti. Alisema, "Basi huko ndiko." Nikasema ndiko. Tukakaa kwenye simu tukisikilizana tunavyopumua mpaka salio likaisha.

Ijumaa, 25 Aprili

Mwenyekiti wa mtaa amekuja na fomu. Nyumba zilizobaki chini ya kona ya pili ziko salama, anasema, na kamati imeamua kuanza upya. Watu hawataki kusikia Mandhari tena. Wanataka jina lenye heri. "Kuna aliyesema Tumaini," alisema. "Kuna aliyesema Amani. Tukaona tuje kwako, Mama, wewe ndiye mtaalamu wa majina."

Meya alitoka jikoni na kitambaa mkononi akasimama.

Nimeitazama fomu. Jina la zamani. Jina jipya. Ukubwa. Mipaka. Nikachukua rula, nikapiga mstari upande wa kulia kutoka juu mpaka chini.

"Hapo hapana nafasi ya maelezo, Mama," mwenyekiti alisema.

"Sasa ipo."

Kwenye jina jipya nimeandika Mahameni. Kwenye la zamani nimeandika yote: Machimboni, Kambi ya Pili, Mandhari. Katika safu yangu, kwa kalamu nyekundu: Pasijengwe. Ardhi hushuka masika. Nikaongeza tarehe tatu na idadi ya waliokufa kila mara: sita, watano, mmoja. Chini kabisa, jina langu, lote, sio herufi za kwanza.

Mwenyekiti alisoma, akasema kamati haitafurahi. Meya akamwambia, kwa sauti ya zamani ya Meya, "Haitafurahi. Ipeleke."

Jumamosi, 3 Mei

Msichana. Kilo tatu na robo. Kitinda anasema ana paji la uso la Shangazi.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imeondoka kabisa, vumbi limerudi madirishani.

Nimeandika kadi ya mtoto, na zote nyingine nimezichorea safu mpya kwa rula, moja moja. Ya mwisho si ya mtu wa ukoo wetu, lakini itakaa humu humu ndani ya boksi, na siku ukoo utakapokutana itatundikwa pamoja na nyingine. Meya amekubali. Hatukujua mwaka aliozaliwa, wala wapi. Jina lake la kweli tumelipata kwenye cheti cha ufundi kilichotolewa udongoni, nami sitaliandika hapa, nimeliandika linapostahili.

Kufa: 10 Aprili. Mahali: Mahameni, zamani Mandhari. Maelezo: Hakuambiwa.